Tovuti ya Mwalimu na Simu ya Mama Mzazi

Mhadhara uliotolewa Bellevue, Johannesburg, mbele ya wanachuo wa ualimu, walimu na wazazi

Wengi humu ndani ni ndugu zangu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi.

Nimeombwa niseme juu ya jambo linaloonekana dogo: mwanachuo wa ualimu achague programu gani ya kutengenezea tovuti, na akishaichagua aitumieje. Swali hili naletewa kila muhula, na karibu kila mara linaletwa likiwa limegeuzwa miguu juu. Mwanachuo anakuja na kompyuta kwapani: "Mwalimu, Wix au WordPress? Au Google Sites inatosha?" Namuuliza, nani ataifungua hiyo tovuti? Ananyamaza. Kusudi langu jioni hii ni kuwaonyesha kwamba huyo atakayeifungua ndiye anayetuchagulia programu. Nitatoa hoja tano. Baadhi nitazikalia kwa muda mrefu, nyingine nitazipita haraka, kwa kuwa hazina uzito sawa.

Kabla ya hoja, tutoke nje kidogo kwa mawazo. Barabara hii tunayoiita Rockey, upande wa Yeoville inaitwa Raleigh; ni barabara ileile, ikiingia Bellevue inabadili jina. Ukiitembea jioni unapita mafundi simu, saluni, na meza za mboga za sombe na samaki wa makayabu. Unasikia Kiswahili cha Kongo, Kilingala, Kizulu na Kishona katika hatua ishirini. Kwenye meza mojawapo ameketi mama mwenye simu iliyopasuka kioo. Mwanawe yuko darasa la nne, ana kazi ya nyumbani. Huyo mama ndiye msomaji wa tovuti yenu. Naomba asitoke akilini mwenu mpaka nimalize.

Hoja ya kwanza: msomaji ana simu, na simu ina bando

Mwanachuo mmoja alinionyesha tovuti yake ya somo la mzunguko wa maji. Ilipendeza kwa kweli. Mawingu yalikuwa yanatembea juu ya ukurasa, na chini yake kulikuwa na picha ishirini alizopiga kwa simu yake na kuzipandisha kama zilivyo. Tulifanya hesabu pamoja. Picha moja ilikuwa na kama MB 4, kwa hiyo ishirini ni MB 80. Aprili 2020 Vodacom ilishusha bando la GB 1 la siku 30 kutoka randi 149 hadi randi 99. Tuchukue hiyo randi 99 kuwa kipimo. MB 80 ni karibu randi 8. Mama wa Rockey Street angelipa randi 8 kutazama mawingu, na maswali ya mwanawe hajayafikia.

Nanyi mnajua kwamba mama huyo hanunui GB 1 kwa mkupuo. Ananunua bando la leo, kesho ananunua la kesho. Tume ya Ushindani ya nchi hii ilipotoa ripoti yake ya bei za bando Desemba 2019, ilieleza wazi kwamba anayenunua kidogokidogo hutozwa zaidi kwa kila MB kuliko mwenye uwezo wa kununua kwa wingi. Kwa hiyo zile randi 8 zangu ni makisio ya upole.

Tulizipunguza zile picha upana hadi nukta 1000, kila moja ikabaki na kama KB 100. Ishirini zikawa MB 2, yaani senti 20. Kisha nikamuuliza, kati ya hizi ishirini, ngapi zinafundisha? Akahesabu nne.

Sasa hili linahusu vipi uchaguzi wa programu? Linahusu hivi. Programu nyingi za kuburuta na kudondosha hukupa kiolezo kilichojaa mapambo: fonti za kigeni, vitelezi, video zinazojiwasha. Ukurasa unakuwa mzito kabla hujaandika neno hata moja. Basi kipimo changu cha kwanza ni rahisi, na kila mmoja wenu anaweza kukifanya kesho. Tengeneza ukurasa wenye sentensi moja tu katika programu unayoitaka. Azima simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuipata. Angalia matumizi ya data kwenye simu, fungua ukurasa, kisha angalia tena. Programu inayokula MB 3 kwa sentensi moja iacheni, hata kama ina sifa duniani kote.

Ninawahimiza pia kila mmoja aandike walau ukurasa mmoja wa HTML kwa mkono, kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi iliyomo kwenye kila kompyuta. Ni kazi ya alasiri moja. Tim Berners-Lee alipoweka tovuti ya kwanza pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu, na nakala yake inafunguka hadi leo kwenye simu zenu. Ukurasa wa Kiswahili wa maneno 500 ulioandikwa hivyo haufiki KB 5. Na una faida ambayo watu wa Johannesburg hatuhitaji kuelezwa mara mbili: unaweza kuutia kwenye fleshi, ukaupeleka shuleni, ukafunguka bila intaneti kabisa. Mnaukumbuka mwaka 2023, mgao wa umeme ulipokuwa mbaya kuliko mwaka wowote kabla yake. Wengi wenu mliingia darasani siku za mazoezi ya kufundisha mkakuta hakuna mtandao. Aliyekuwa na somo lake kwenye fleshi na kompyuta yenye chaji alifundisha.

Hapa karibu, Observatory, katika Sacred Heart College, kuna mradi unaoitwa Three2Six. Ulianza mwaka 2008, na jina lake ni saa zake: kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Wanafunzi wa kawaida wakiondoka, watoto wa wakimbizi na wahamiaji, wengi wao wenye asili ya Kongo, wanakaa kwenye madawati yaleyale wakisoma Kiingereza, hisabati na stadi za maisha. Ni saa tatu tu. Siwaleti hapa kwa sababu ya tovuti yoyote. Nazileta saa zao ziwe kipimo chenu. Mwalimu mwenye saa tatu hana dakika kumi za kusubiri kiolezo kifunguke. Na jioni, mtoto akirudi nyumbani, kitabu chake ni simu ya mama.

Hoja ya pili: kabla ya kuingia, tazama mlango wa kutokea

Hii ndiyo hoja inayoniuma, kwa sababu niliilipia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na maandalio ya somo karibu mia moja, nimeyapanga kwa mada, kwenye huduma moja ya bure. Ilikuwa rahisi, na nilikuwa nikiwasifia wanachuo wangu. Kisha ikaja barua pepe kwamba huduma inafungwa, wenye tovuti wahamishe vitu vyao. Barua hiyo iliingia kwenye anwani niliyokuwa siifungui tena. Nilipokuja kugundua, kilichobaki ni nakala nilizokuwa nimezichapisha kwenye karatasi, kumi na nne tu. Nyingine nilizirudia kwa kumbukumbu, na nyingine sikuweza.

Jambo hili halikunipata mimi peke yangu. GeoCities ilianza mwaka 1994, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 1999, ikafungwa mwaka 2009, na mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida yakaenda nayo. Zilizookolewa ziliokolewa na watu waliojitolea kuzinakili. Wikispaces, ambayo walimu wengi duniani waliitegemea, ilifunga milango ya madarasa mwaka 2018. Google Sites ilianza mwaka 2008, ikatengenezewa toleo jipya, na lile la kale likazimwa baadaye. Ambaye hakuhamisha mapema alihangaika. Sisemi kampuni hizi zilikosea. Duka la mtu hufungwa mwenyewe akitaka. Nasema mwalimu asiweke kazi ya maisha yake kwenye duka la mtu bila kuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo, kabla hujaandika ukurasa wa kwanza, tafuta kitufe cha kutolea nakala. Kipo? Kinatoa nini? WordPress, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, hutoa faili lenye maandishi yako yote, ambalo unaweza kulipandisha kwenye seva nyingine. Zaidi ya tovuti nne kati ya kumi duniani zinaendeshwa nayo, kwa hiyo hukosi mtu wa kukusaidia. Wix, iliyoanzishwa mwaka 2006, ni rahisi mno kwa anayeanza, ila tovuti uliyoijenga humo hukaa kwenye seva zake; huwezi kuibeba ilivyo ukaenda nayo kwingine. Google Sites iko katikati: ni nyepesi kuijua, ni bure, lakini ina mtego ambao wanachuo hawauoni. Wengi mnaifungua kwa akaunti ya chuo. Ukihitimu, mara nyingi akaunti inafungwa, na tovuti inaondoka na kadi yako ya maktaba. Naona vijana wawili pale nyuma wanatazamana. Rudini nyumbani mkahamishe leo usiku.

Mkiniuliza hukumu yangu, hii hapa. Kwa zoezi la chuo la wiki sita, Google Sites, kwa akaunti yako binafsi. Kwa mwalimu anayejua atakaa kazini na anataka hazina ya masomo yake, WordPress, yenye jina analolilipia mwenyewe kila mwaka, na awe tayari kuisasisha na kulinda neno la siri kama anavyolinda funguo za nyumba. Kwa somo moja litakalokwenda kwa fleshi, HTML ya mkono. Nyingine zote ni za kujaribia na kujifurahishia. Na vyovyote utakavyochagua, andika kwanza kwenye faili lako, kisha ndipo unakili kwenye tovuti. Usiandike moja kwa moja ndani ya programu ya mtu.

Kuna mfano wa hapahapa Afrika Kusini wa kazi iliyoachiwa mlango wazi. Vijana wa Cape Town walianza mwaka 2002 kuandika vitabu huru vya sayansi kwa sekondari. Kazi hiyo ikazaa shirika la Siyavula. Kwa kuwa leseni yao iliruhusu kila mtu kunakili na kuchapisha, mwaka 2012 serikali iliweza kuchapa vitabu vyao vya hisabati na sayansi na kuvisambaza shuleni nchi nzima. Kilichokuwa kwenye skrini kikawa karatasi mikononi mwa mtoto asiye na skrini. Jaribuni hilo kwenye kurasa zenu: bonyeza kitufe cha kuchapisha, utazame karatasi inatokaje. Violezo vingi vya kisasa hutoa karatasi yenye picha nusu na maandishi yaliyokatwa.

Hoja ya tatu: uso wa mtoto si pambo

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe.

Nchi hii ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Sheria namba 4 ya mwaka 2013, inayofahamika kama POPIA. Ilianza kufanya kazi 1 Julai 2020, watu wakapewa mwaka mmoja wa kujirekebisha. Kwa sheria hiyo, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kutumia taarifa zake kwa kawaida kunahitaji ridhaa ya mwenye mamlaka juu yake. Jina ni taarifa. Picha ni taarifa. Jina la shule chini ya picha ni taarifa juu ya taarifa.

Lakini hata sheria isingekuwapo, humu ukumbini tuna sababu zetu. Mwaka uleule Three2Six ilipoanza, 2008, ndio mwaka wa mashambulizi dhidi ya wageni ambayo wengi wenu mnayakumbuka kuliko mnavyopenda kuyasema. Kuna familia zilizokimbia Kivu, mashariki mwa Kongo, ambazo hazitaki mtu wa kule ajue zinaishi wapi. Mwanachuo anayeweka kwenye tovuti picha ya darasa lake la mazoezi, watoto wamesimama mbele ya lango la shule, anafanya hivyo kwa furaha, na pengine kwa alama za mkufunzi. Hajui anamfungulia nani mlango. Piga picha ya mikono ikichora, ya daftari, ya chupa za majaribio. Somo litaeleweka vilevile. Na wakufunzi wenzangu, tusitoe alama hata moja kwa uso wa mtoto.

Chunguzeni pia programu yenyewe. Programu inayokusanya habari za kila anayefungua ukurasa na kumwekea matangazo inafanya biashara na watoto wenu. Tovuti ya bure yenye tangazo la mkopo wa haraka juu ya jedwali la kuzidisha, nimeiona kwa macho yangu.

Hoja ya nne: lugha

Mwaka 2018 Waziri wa Elimu ya Msingi, Angie Motshekga, alitangaza kwamba Kiswahili kingekuwa lugha ya hiari katika shule za Afrika Kusini. Mwaka uliofuata SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikakipokea kuwa lugha yake rasmi ya nne. Matangazo hayo ni heshima kubwa kwetu, lakini mama wa Rockey Street bado anapokea maelezo ya kazi za nyumbani kwa Kiingereza asichokisoma vizuri. Pengo hilo mwanachuo wa Bellevue anaweza kuliziba kwa ukurasa mmoja wenye lugha mbili: Kiingereza kwa ajili ya mtoto, Kiswahili chini yake kwa ajili ya mzazi.

Kwa hiyo programu ipimwe na hapa. Je, inakuruhusu kutaja lugha ya ukurasa? Alama ya Kiswahili ni "sw", herufi mbili tu. Ukiiweka, programu ya kusomea watu wasioona inaambiwa kwamba haya ni maneno ya Kiswahili, wala isiyatamke kama Kiingereza. Je, vitufe vyake vinaweza kubadilishwa kuwa "Rudi" na "Endelea", au vinabaki Kiingereza milele?

Na Kiswahili kipi? Swali hili huzua ubishi kila ninapolitaja. Mtoto wa Unguja anakwenda shule. Mtoto wa Bukavu anakwenda "ku masomo". Mimi naandika Kiswahili sanifu kwa sababu ndicho kitakachomfikisha mbali, lakini kwenye maelekezo ya mzazi naweka na neno la nyumbani kwake, bila aibu. Tovuti si mtihani wa lugha kwa mama wa mtoto.

Hoja ya tano: namna ya kumfundisha mwanachuo

Hii nitaipita upesi. Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu Lee Shulman alitukumbusha kwamba kujua somo ni kitu kimoja, na kujua namna ya kulifundisha somo hilohilo ni ujuzi mwingine wa peke yake. Miaka 20 baadaye watafiti Mishra na Koehler wakaongeza teknolojia kwenye mizani hiyo. Sisi wakufunzi tunapenda kuwataja mihadharani, kisha tukiingia maabara ya kompyuta tunawafundisha wanachuo kubofya vitufe.

Mimi nimeacha. Siku ya kwanza hatuwashi kompyuta. Mwanachuo analeta andalio la somo moja, anachora kurasa tatu kwa penseli: hapa swali, hapa maelezo, hapa zoezi na majibu. Anampa mwenzake asiyesoma somo hilo. Mwenzake akikwama, kwenye kompyuta tutakwama pia. Siku ya pili wanapima programu mbili kwa vipimo nilivyovitaja: uzito, mlango wa kutokea, usalama wa mtoto, lugha. Wanaandika sababu za kuchagua moja na kuiacha nyingine, na sababu hizo ndizo zinazobeba alama nyingi. Urembo unabeba chache. Wiki ya mwisho wanapeleka ukurasa kwa mzazi mmoja wa kweli na kukaa kimya huku anautumia. Kukaa kimya ndiko kunakowashinda zaidi. Kila mmoja anataka kunyoosha kidole: "Bofya hapa, mama." Nawaambia, kesho mama atakuwa peke yake, hutakuwapo wa kumwelekeza.

Ndugu zangu, muda wangu umekwisha, na naona watoto wameanza kusinzia mapajani.

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Naomba Julai ijayo tusiishie kwenye ngoma na mashairi. Kila mwanachuo aliyeketi hapa alete ukurasa mmoja: somo moja, lugha mbili, uzito usiozidi KB 200, bila uso wa mtoto, ukiwa kwenye fleshi na kwenye mtandao pia. Wazazi ndio watakuwa waamuzi. Mezani hapa tutaweka simu moja ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, na kila ukurasa utafunguliwa kwa simu hiyo. Karatasi ya kuandikisha majina iko mlangoni, na kalamu ipo.